Nafundisha uvumilivu kanisani, nyumbani nafoka

Shangazi, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 41, Mlutheri, fundi cherehani, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Nina watoto watatu: binti wa miaka 12 aliye darasa la sita, mvulana wa miaka 8 na kitinda mimba wa miaka 4. Mume wangu ni dereva wa malori ya mizigo, anakwenda Zambia na Kongo. Akiondoka ni wiki tatu, mara nyingine mwezi, maana foleni ya Tunduma peke yake inaweza kumla siku kadhaa. Akirudi anakaa siku nne au tano, analala, anakula, anaondoka. Simlaumu, ndiyo kazi yake.

Tangu mwaka jana tunaishi na mama mkwe. Ana miaka 76. Alikuwa mama mchapakazi, kule Upareni wanamjua. Siku hizi anasahau. Anauliza, "Mwanangu amerudi?" Namwambia bado mama, yuko safarini. Hazipiti dakika mbili: "Mwanangu amerudi?" Siku moja nilihesabu mara 31, nikaacha kuhesabu. Usiku saa nane anaamka, anahangaika na komeo la mlango, anasema anakwenda kukamua ng'ombe. Ng'ombe wenyewe waliuzwa mwaka 2009. Kwa hiyo nalala sikio moja likiwa macho. Mawifi zangu wawili wako hapa hapa Dar, mmoja Kimara, mwingine Kigamboni. Wanakuja Jumapili baada ya ibada na boksi la juisi, wanakaa saa moja, wanasema, "Wifi, Mungu akubariki, wewe una moyo," wanaondoka.

Dada wa kazi, niliyekuwa namlipa 80,000 kwa mwezi, aliondoka Januari bila kuaga. Maji kwetu ni ya mgao. Yakitoka usiku lazima mtu aamke ajaze madumu, na huyo mtu ni mimi.

Kanisani ni mwalimu wa umoja wa wanawake. Tunakutana kila Alhamisi. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye Wagalatia 5, tunda la Roho, na mimi nikaangukiwa na uvumilivu. Niliandaa somo usiku wa manane nikiwa namsubiri mama mkwe alale. Lilikwenda vizuri, Shangazi. Akina mama wakaitikia amina, wawili walilia.

Kesho yake, Ijumaa, mteja alikuja kuchukua gauni la send-off. Kitambaa alikileta Jumatano! Akalijaribu, akasema kiuno kinambana, wakati vipimo nilimchukua mwenyewe. Nikamwambia hamna shida dada yangu, nikafumua, nikashona upya. Mhazini wa kwaya naye nikampigia, maana nimewashonea sare 28 kwa 15,000 kila moja, wakanipa kianzio cha 100,000 na tangu Februari wananiambia wiki ijayo. Akasema, "Mama mwalimu, tuvumiliane katika Bwana." Nikasema amina.

Nikafika nyumbani saa moja jioni. Jikoni moshi, maharage yameungua hadi sufuria imekuwa nyeusi, binti yangu hayupo. Mara anaingia anahema. Sikuuliza. Nilimpiga kofi, nikamfokea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, majirani wakasikia. Alisimama tu. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Mama, naomba uongee na mimi kama unavyoongea na watu wa kanisani."

Usiku ndipo yule mdogo wake aliponiambia: bibi alikuwa ametoka getini, dada akamkimbilia hadi karibu na barabara kubwa, ndiyo maana maharage yaliungua.

Shangazi, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Na si mara ya kwanza kumfokea, ni mara ya kwanza kujibiwa. Tangu Januari nafunga kila Jumatano na Ijumaa nikimwomba Mungu anipe uvumilivu, na naona nazidi kuwa mbaya. Rafiki yangu mmoja anasema kosa langu ni kuomba uvumilivu, kwamba ukiuomba Mungu anakuletea majaribu ya kukufundishia, bora niombe kitu kingine. Mwingine anasema ni pepo la hasira la ukoo wetu, marehemu baba alikuwa mkali, niende nikaombewe. Nimefikiri pia kumwambia mchungaji nijiuzulu ualimu, kwa sababu naona ni unafiki.

Je, mimi nimeokoka kweli? Na wanawake wengine wanawezaje?

Fundi, Mbagala

*

Mwanangu Fundi, amina.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma na kalamu mkononi, nikawa naandika pembeni majina ya waliokuudhi. Mume asiyekuwepo. Mama mkwe. Wifi wa Kimara, wifi wa Kigamboni. Dada wa kazi. Mteja wa gauni. Mhazini wa kwaya. Saba hao, na kati yao hukumfokea hata mmoja. Uliyemfokea ni wa nane, ana miaka 12, na siku ile ndiye peke yake aliyekuwa amekusaidia.

Kwa hiyo sikubaliani na wewe unaposema huna uvumilivu. Mteja amekuletea kitambaa Jumatano, anataka gauni Ijumaa, anakulaumu kwa vipimo, nawe unamwambia hamna shida dada yangu. Breki unazo, na zinashika. Zinashika mbele ya anayekulipa, mbele ya mkwe, mbele ya atakayekwenda kukusema. Ukifika kwa asiyeweza kukufanya lolote, unaziachia.

Nimesema kwa ukali, na nina sababu. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka 30 na kidogo. Wodini waliniita Mama Mpole. Nyumbani wanangu walikuwa na alama yao: wakisikia funguo zangu zinagonga mlango kwa kishindo, redio inazimwa, kila mtu anashika kitabu. Mimi sikujua. Nilikuja kujua mmoja wao akiwa mtu mzima, anasimulia kichekesho hicho kwenye sherehe ya familia, watu wanacheka hadi machozi. Nilicheka nao. Kisha nikaenda msalani nikakaa huko muda mrefu kuliko haja yangu.

Wewe umeambiwa mapema, na aliyekuambia alitumia maneno ya adabu kuliko uliyompa.

Sasa tuje kwenye kufunga kwako. Unafunga Jumatano na Ijumaa. Kofi lilipigwa Ijumaa, saa moja jioni. Tangu lini hujatia kitu mdomoni? Na usiku wake ulilala saa ngapi, kati ya komeo la mlango na madumu ya maji? Mtu asiyelala na asiyekula hasira yake inakuwa karibu. Huo si upungufu wa imani, ndivyo mwili ulivyoumbwa. Nimeona wauguzi wazuri wakimfokea mama mwenye uchungu saa kumi za alfajiri, ambao saa mbili asubuhi, wakishakunywa chai, wanarudi kumwomba radhi.

Neno lenyewe umelifundisha miaka yote lakini fungua leo Isaya 58, mstari wa 4: "Tazama, ninyi mwafunga mpate kushindana na kugombana, na kupiga kwa ngumi ya uovu." Nabii aliyaona haya kabla yetu, watu wamefunga na mkono umepanda. Ukiendelea na sura hiyo utaona mfungo anaoutaka Mungu ni upi: kufungua vifungo, kulegeza kamba za nira. Nitakueleza hapa chini nira ya nani nadhani inapaswa kulegezwa. Kwa sasa, acha kufunga. Sikwambii uache milele, nasema mpaka utakapokuwa unalala usiku tano kwa wiki. Eliya alipokata tamaa chini ya mti jangwani akaomba afe, malaika hakumpa somo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, pangoni. Beba viazi viwili na chupa ya chai ofisini kwako, ule saa kumi na moja jioni kabla hujapanda daladala. Najua linaonekana jambo dogo mno kuwekwa pamoja na nabii Eliya. Lijaribu wiki mbili.

Wewe ni fundi, nami nilishonea wanangu sare kwa cherehani ya mguu, kwa hiyo tutaelewana. Uzi ukijisokota chini ya kitambaa, fundi mgeni anakimbilia bobini. Anaitoa, anaisafisha, anairudisha, uzi unajisokota tena. Fundi mzoefu anatazama juu, kwa sababu fundo linaonekana chini lakini mara nyingi ni uzi wa juu ambao haukupita panapotakiwa. Hasira yako inaonekana chini, kwa binti. Wewe unahangaika na bobini: unafunga, unalia, unataka kujiuzulu. Mimi nataka tutazame uzi wa juu, yaani watu wazima wa nyumba hiyo.

Kuna kitu wanawake wa kanisani tumefundishana, sijui nani alianza, kwamba uvumilivu ni kunyamaza. Mwanamke akinyamaza tunasema ana moyo. Wifi zako wamekuambia hivyo hivyo, na wakishasema wanashuka zao kwenda kituoni. Tunamtaja Ayubu kama mfano, na Yakobo kweli anataja subira ya Ayubu. Lakini kitabu chake kina sura 42, na Ayubu mkimya yuko katika mbili za mwanzo. Kuanzia ya tatu anafungua kinywa, analalamika, anabishana na rafiki zake, anamdai Mungu mwenyewe majibu. Mwishoni Mungu anawakasirikia wale rafiki waliokuwa wanajifanya watetezi wake, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Aliyesema ndiye tuliyeambiwa alikuwa na subira.

Neno lile la Wagalatia 5, katika Kiyunani, ukilifungua maana yake ni kama "hasira ndefu", hasira yenye safari ndefu kabla haijafika. Kiebrania kinakwenda mbali zaidi: pale Kutoka 34 tunaposoma kwamba Mungu "si mwepesi wa hasira", wao wanasema ana pua ndefu. Nilipoelezwa hayo na mchungaji mmoja mzee nilicheka. Lakini angalia: hasira ipo. Mungu anakasirika, na Biblia haifichi. Ila anasema mapema, anaonya, anatuma manabii, anarudia. Hasira yako wewe haina safari. Kwa wale saba haianzi kabisa, kwa wa nane inafika kabla ya swali. Hebu igawanye. Wale watu wazima wapate kila mmoja kijisehemu chake, mapema, kwa sauti ya kawaida, na mtoto asibaki na mzigo wote.

Tuanze na mume. Usimwambie akiwa njiani, mtu hapewi habari kama hii akiwa ameshika usukani kwenye mlima Kitonga. Msubiri arudi, mwache alale siku ya kwanza. Siku ya pili mwambie hivi: "Mume wangu, nilimpiga mtoto kwa kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu nimezidiwa. Sitaki kurudia. Naomba uwaite dada zako kabla hujaondoka." Usianze na orodha ya miaka yote. Usiseme "wewe hujali". Hiyo sentensi ya mtoto inatosha, baba yeyote mwenye akili itamkalisha.

Nimesema awaite yeye, na ni makusudi. Wewe ukiwaita mawifi kikao, kesho habari itafika Upareni kwamba umechoka na mama yao. Akiwaita kaka yao, ni watoto watatu wanaozungumza habari za mama waliyemnyonya. Wewe kaa hapo, pika chai, na usikubali kikao kiishe kwa maombi kabla hakijaisha kwa majina na siku. Huyu atakuja kulala hapo kila Ijumaa na Jumamosi, ili wewe ulale. Yule atatoa nusu ya mshahara wa dada wa kazi. Na waje wao, mama asipelekwe kwao leo Kimara kesho Kigamboni. Mgonjwa wa kusahau akihamishwahamishwa anachanganyikiwa zaidi, na hatari ya kupotea inakuwa kubwa.

Nimesema mgonjwa. Sijaona popote katika barua yako kwamba mama amepelekwa hospitali kwa ajili ya huku kusahau, na hili limenisumbua kuliko hata kofi. Watu wetu husema ni uzee. Uzee unasahau alikoweka miwani. Kukamua ng'ombe waliouzwa mwaka 2009 saa nane za usiku ni jambo la kuonwa na daktari. Mara nyingine ni ubongo wenyewe unaochakaa, na huo hauna dawa ya kuuponya. Lakini yapo mengine yanayofanana nao au yanayouzidisha ambayo yanatibika: maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa wazee huweza kuwavuruga akili bila hata homa kali, tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, presha na sukari zisizotibiwa, hata dawa anazomeza. Hospitali ya rufaa ya Temeke haiko mbali na wewe. Chukua dawa zake zote kwenye mfuko uende nazo. Na kama gharama ni tatizo, waulize watu wa ustawi wa jamii hapo hapo kuhusu msamaha wa wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi.

Akisema anakwenda kukamua, usimwambie ng'ombe waliuzwa. Utamfiwisha ng'ombe wale wale kila usiku. Muulize walikuwa wangapi, yupi alikuwa na maziwa mengi, halafu mwambie kuna giza, tungoje kupambazuke. Komeo liwekwe juu kabisa ya mlango, mahali asipozoea kutazama, ila ninyi wengine mlifikie haraka pakitokea hatari. Mchana asilale sana, akae nje kwenye mwanga. Na mpe kazi! Mtu aliyefanya kazi miaka 60 ukimkalisha kwenye kochi lazima atafute ng'ombe. Una vipande vya vitenge huko ofisini. Mletee fuko zima apange, vya rangi hii huku, vya rangi ile kule. Akimaliza vichanganye, kesho apange tena. Vifungo usimpe, anaweza kuvitia mdomoni. Maswali hayataisha, lakini kutoka 31 yakishuka hadi 15 hutaniita Shangazi, utaniita mtume.

Haya. Binti.

Unaomba msamaha, na unaomba leo. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniomba msamaha kwa mdomo. Alipokuwa amenikosea, jioni nilikuta kwenye sahani yangu finyango kubwa kuliko ya kaka zangu, naye anatazama pembeni. Nilielewa. Nilishiba pia. Lakini nina miaka 63 na bado kuna siku natamani ningeisikia ile sentensi. Wewe iseme: "Ijumaa ile nilikupiga. Wewe ulikuwa umemkimbilia bibi, ulifanya vizuri sana. Nilikosa. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe ungezima jiko". Usitangulize chipsi wala viatu vipya, asije akadhani unamnunua. Anaweza kukuitikia "sawa" bila kukutazama, akaendelea na hesabu zake. Hiyo inatosha kwa siku ya kwanza, usimdai furaha.

Na ile nira niliyoiahidi ni ya kwake. Tangu Januari mna dada wa kazi mwingine nyumbani asiye na mshahara: anapika, analinda mgonjwa, analea wa miaka minne, na mwakani ana mtihani wa darasa la saba. Kumsaidia mama kazi ni malezi, sina ugomvi nalo. Kumwachia mtoto bibi anayetoroka, jiko linalowaka na mdogo wake kwa wakati mmoja, hapo hata muuguzi mwenye cheti angeunguza maharage.

Kofi nalo liishe. Siku utakapohisi mkono unapanda, toka jikoni. Kama kuna kitu kinaungua, zima moto utoke. Simama kwenye madumu yako, omba ombi la pumzi moja. Nehemia aliulizwa swali na mfalme, na kati ya swali na jibu akamwomba Mungu wa mbinguni. Hakuwa na nafasi ya kupiga magoti, mfalme anamtazama. Ombi la ukubwa huo ndilo linaloingia kati ya mlango na sufuria. Halafu urudi na swali moja tu, "Kumetokea nini?" Ungeuliza hilo Ijumaa ile, barua hii usingeiandika.

Rafiki yako anayekukataza kuomba uvumilivu, nadhani ameisoma Warumi 5 nusu, pale panaposema dhiki huleta saburi, akaona amemkamata Mungu anapanga njama. Shida zako zilikuja na mgao wa maji na mlango wa usiku, hazikuja kwa sababu uliomba. Endelea kuomba. Na huyu wa pepo la ukoo, mimi sibishani na watu wa maombezi, wako waliosaidiwa. Ila nina swali: ni pepo gani huyo anayejua kutofautisha mteja na mtoto? Kama angekuwa pepo, angemrukia na mhazini.

Ualimu usiuache kwa aibu. Ukiuacha kwa kuwa unahitaji Alhamisi za kulala, hiyo ni sababu halali, mwambie mchungaji hivyo hivyo, kwamba ni miezi mitatu na mwingine ashike zamu. Lakini ukibaki, lile somo lirudie. Usisimulie ya binti, hiyo ni siri yake na hajakupa ruhusa. Waambie tu kwamba wewe mwalimu unashindwa jambo hili kila siku saa moja jioni, kisha ukae usikilize. Nakuhakikishia hutakuwa peke yako kwenye benchi hilo. Wale wawili waliolia siku ya somo, unadhani walikuwa wanalilia nini?

Kama umeokoka au la, swali hilo hujibiwi na gazeti. Mimi naona mtu anayekosa usingizi kwa sababu alimwonea mtoto, na hilo ninaliheshimu. Hata hivyo nenda ukapimwe presha na damu siku ile ile unayompeleka mama Temeke, una miaka 41 na mwili nao una mambo yake. Na usiku ukikujia mawazo ya kutamani usiamke, au ukijikuta umempiga mtoto hadi alama, usingoje gazeti, mwambie mchungaji na daktari siku hiyo hiyo. Binti naye ajue kwamba kuna namba 116, ya bure, ya watoto. Mzazi anayempa mtoto namba hiyo mwenyewe hapungukiwi kitu.

Imebaki kwaya. Sare 28 kwa 15,000 ni 420,000. Ukitoa kianzio, wanadaiwa 320,000. Dada wa kazi ulikuwa unamlipa 80,000. Kwa hiyo kwaya ya Bwana imekalia mishahara ya miezi minne ya mtu ambaye angekuwa nyumbani Ijumaa ile akitazama maharage. Tuvumiliane katika Bwana! Bwana huyo huyo alisema mtenda kazi anastahili ujira wake. Jumapili hii, baada ya ibada, mfuate mhazini kwa upole wako wote wa kanisani, na umpe tarehe. Kama kuna sare ambazo bado ziko kwako hazijachukuliwa, zikunje vizuri, zipige pasi, zifungie kabatini, na ufunguo ukae kwenye mkoba wako.

Shangazi